BUSTANI YA MIEZI KUMI NA MIWILI

1. Nchi na mvua yake

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali nchi inapopakana na Rwanda na Burundi, iko wilaya ya Ngara; na upande wake wa mashariki iko wilaya ya Biharamulo. Zote mbili ni za mkoa wa Kagera. Ngara ni nchi ya milima na mabonde. Sehemu yake kubwa iko juu kupita mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mito yake mikubwa ni Ruvubu na Kagera, ambayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo haina miinuko mikali kama Ngara. Ina misitu ya miombo, na wafugaji wa ng'ombe ni wengi huko. Wenyeji wa nchi hizi, yaani Wahangaza, Washubi, Wazinza na wengine waliohamia baadaye, ni wakulima wa ndizi, maharage, mihogo, mahindi na kahawa.

Mvua za huko hunyesha kwa vipindi viwili. Mvua za vuli huanza Septemba ama Oktoba, zikaendelea hata Desemba. Kisha huja mvua za masika, tangu Februari hata Mei. Mvua ya mwaka mzima ikipimwa hufika karibu milimita 1,000, na mwaka mwingine huzidi au hupungua. Mvua hiyo si haba. Lakini Juni, Julai na Agosti mbingu hufunga, upepo hukausha nchi, vumbi jekundu hujaa njiani, na mboga zilizoota kila mahali wakati wa mvua hazionekani tena.

Hapo ndipo shida huingia nyumbani, wala haionekani upesi. Ndizi zipo, maharage ya akiba yapo, muhogo upo. Watu hula na kushiba. Walakini mwili wa mtoto una haja na vitu vidogo vilivyomo katika mboga za majani: madini ya chuma yasaidiayo kufanya damu, na vitamini A ilindayo macho na kuupa mwili nguvu ya kushindana na magonjwa. Mtoto asiyevipata hakondi kwa siku moja. Hukua polepole, huugua mara kwa mara, na akiwa darasani huchoka upesi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko ipasavyo umri wao. Mkoa wa Kagera, ijapokuwa una ndizi na maharage, umo katika mikoa iliyopita kiasi hicho. Sababu za kudumaa ni nyingi, na chakula cha namna moja siku zote ni mojawapo. Kwa hiyo bustani ya mboga iliyo na majani hata mwezi wa Agosti ni jambo kubwa kwa nyumba yenye watoto.

2. Kwa nini si mtoni

Watu wengi wakiulizwa mboga za kiangazi zitatoka wapi, hujibu, "Bondeni, karibu na maji." Ni kweli kwamba udongo wa bondeni hukaa na unyevu hata kiangazi. Lakini yako mambo matatu ya kufikiri.

Kwanza, si kila nyumba yenye sehemu bondeni. Nyumba nyingi ziko juu mlimani.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za watu zinazoweza kuharibu ukingo wa mto au ziwa, ndani ya mita 60 kutoka majini. Sheria hiyo ina maana yake. Matete na mafunjo ya ukingoni huzuia udongo usiingie mtoni, na huyachuja maji wanayochota watu wa chini. Mtu akiyafyeka ili apande kabichi, atapata kabichi za mwaka huu, na mwaka ujao mto utakula ukingo wake.

Tatu, bustani iliyo mbali haitunzwi. Kuku akiingia, hakuna amwonaye. Majani yakinyauka, hakuna ajuaye. Bustani ya mboga hutakiwa kuwa karibu na mlango wa jiko, mahali mama awezapo kuchuma jani huku chungu kiko motoni. Ng'ambo ya mto, nchini Rwanda, bustani ya namna hii huitwa akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Na jina hilo laeleza vema mahali pake.

Basi, ikiwa bustani iko mlimani karibu na nyumba, maji yake yatatoka wapi miezi ile mitatu? Jibu ni kwamba maji hayo hutoka katika mvua iliyokwisha kunyesha, mradi yamewekewa mahali pa kukaa. Na mahali penyewe ni udongo.

3. Nyumba mbili

Mfano wa nyumba mbili waweza kulieleza jambo hili. Nyumba hizi zi jirani, juu ya mlima mmoja, na kila moja ina tuta la mchicha lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Kila jioni kila nyumba hulimwagilia tuta lake debe moja la maji, yaani lita 20. Ilipofika Julai, tuta la nyumba ya kwanza lilikuwa la kijani; tuta la nyumba ya pili lilikuwa limepasuka, na mchicha wake ulitoa mbegu ukiwa na urefu wa kidole. Binti wa nyumba ya pili alipoona hivyo, akaenda kwa bibi wa nyumba ya kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Bibi, nyumbani twamwagilia debe moja, nanyi mwamwagilia debe moja. Mbona mboga zetu zafa?"

Bibi hakumjibu mara moja. Alimwambia atie mkono chini ya nyasi zilizolifunika tuta. Udongo wake ulikuwa mweusi na wa baridi, nao ulipofumbatwa ulishikamana. Kisha akamwambia, "Sasa nenda kautie mkono katika tuta lenu, uje uniambie."

Binti akaenda, akarudi. "Wetu ni mkavu kama majivu, bibi, tena una joto."

"Maji yenu hunywewa na jua, mwanangu, na yetu hunywewa na mchicha. Lakini usidhani kwamba kazi hii niliifanya Julai. Niliianza Februari, watu walipokuwa wakichoma mabua shambani. Mimi nikayaomba."

Maneno ya bibi huyo ndiyo shina la somo hili. Udongo mtupu wa mlimani hupokea maji na kuyaacha yapotee: mengine hushuka chini upesi, mengine hurudi angani kwa jua. Udongo uliochanganywa na mboji huwa kama pamba iliyolowa. Huyashika maji kidogo kidogo na kuyatoa kidogo kidogo kwa mizizi. Tena nyasi kavu zilizotandazwa juu yake huzuia jua na upepo visiuguse. Kwa hiyo debe lile lile moja hutosha nyumba hii, na nyumba ile halitoshi. Watu husema akiba haiozi. Na akiba ya maji iliyo rahisi kupita zote ni ile iliyowekwa katika udongo.

4. Kutengeneza mboji

Kuulisha udongo si elimu ngeni katika mkoa huu. Wahaya wa Bukoba tangu zamani waliilisha migomba yao kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa nyikani, na vibanja vyao vilizaa vizazi hata vizazi. Huko India, Mwingereza Albert Howard alifanya kazi Indore tangu mwaka 1924 hata 1931, akijifunza mengi kwa kuwatazama wakulima wa nchi ile. Naye mwaka 1931 akaeleza katika kitabu njia ya kupanga takataka za shamba zioze na kuwa chakula cha mimea. Njia ifuatayo inafanana na hiyo.

Chagua mahali penye kivuli, kama chini ya migomba. Pima upana wa mita 1 na nusu, na urefu upendao. Tifua udongo wa chini, kisha panga kwa tabaka:

Kwanza, vitu vikavu, kama mabua yaliyokatwa vipande na majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 20.

Pili, vitu vibichi, kama magugu yasiyo na mbegu, maganda ya ndizi na majani ya maharage, unene wa sentimita 10.

Tatu, samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, unene wa sentimita 5, pamoja na udongo kidogo na majivu kidogo.

Nyunyiza maji, kisha rudia tabaka hizo mpaka lundo lifike urefu wa mita 1 na nusu. Chomeka fimbo ndefu katikati, ukafunike lundo kwa majani ya migomba. Baada ya siku chache chomoa fimbo. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linaoza vema. Ikiwa kavu, ongeza maji; ikiwa baridi, ongeza samadi na majani mabichi. Baada ya majuma matatu ligeuze lundo, cha juu kiwe chini, na baada ya majuma matatu mengine uligeuze tena. Kwa kadiri ya miezi mitatu mboji huwa tayari: ni nyeusi, huvunjikavunjika, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Lundo lililopangwa Februari hutumika Mei.

Vitu hivi visitiwe kamwe: kinyesi cha watu, cha mbwa na cha paka, kwa kuwa huleta minyoo na maradhi, mimea iliyokufa kwa ugonjwa, na plastiki. Samadi mbichi nayo isitiwe penye mboga, maana huunguza mizizi.

5. Matuta na maji

Tuta la mboga lipimwe mita 1 kwa upana, ili mtu afike katikati bila kulikanyaga. Penye mteremko tuta hukingamishwa, yaani hulala kuvuka mteremko, lisifuate njia ya maji. Wakati wa mvua tuta huinuliwa, mizizi isioze. Wakati wa kiangazi hufanywa kuwa shimo lenye kina cha kiganja, ili maji yote yakae ndani. Tia debe moja la mboji kwa kila mita ya mraba, na ulichanganye na udongo wa juu.

Udongo wa mlimani usiachwe uchi. Mwezi wa Aprili mwaka 1994 watu wapata 250,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Walihitaji kuni na miti ya kujengea vibanda, na vilima vya jirani vikabaki vitupu. Wala si ajabu, kwa kuwa mkimbizi hupikia kuni zilizo karibu. Lakini watu wa Ngara waliona kwa macho kwamba kilima kisicho na miti wala nyasi hakiwezi kushika udongo wake mvua inaponyesha. Sheria ya kilima ni sheria ya tuta pia: funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina la kila mche.

Maji ya mvua yanaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la bati lenye mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 10, hukusanya lita 400, yaani madebe 20. Pipa moja la lita 200 hutosha tuta moja siku 10. Maji ya kuoshea mboga na nafaka yasimwagwe uani, yapelekwe bustanini. Maji yenye sabuni nyingi yapelekwe kwenye migomba. Kumwagilia kufanywe asubuhi na mapema au jioni, maana maji ya adhuhuri huchukuliwa na jua.

6. Kazi ya kila mwezi

Januari na Februari: kusanya mabua na majani baada ya mavuno, ukapange lundo la mboji. Mvua zikianza, panda mchicha, kunde na maboga. Majani ya kunde na ya maboga ni mboga njema.

Machi: mwishoni mwa mwezi sia vitunguu katika kitalu.

Aprili: sia nyanya, nyanya chungu na sukuma wiki katika kitalu chenye kivuli chepesi.

Mei: huu ndio mwezi mkuu. Tia mboji, hamisha miche mvua zingali zikinyesha, na kabla udongo haujakauka tandaza nyasi. Atandazaye nyasi juu ya udongo mkavu hufunika ukavu. Nyanya zilizohamishwa Mei hukomaa Julai na Agosti, na kiangazi haziharibiwi sana na ugonjwa wa ukungu, ambao huziua wakati wa mvua.

Juni, Julai na Agosti: sia sehemu ndogo ya mchicha kila baada ya majuma mawili. Mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne, na kwa njia hii tuta halikosi mboga. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, ya juu yakaachwa yakue. Matembele na kisamvu husaidia, lakini kisamvu sharti kitwangwe na kupikwa sana, kwa kuwa kibichi kina sumu. Vitunguu hung'olewa Agosti na Septemba.

Septemba: fukia mashimo ya kiangazi, inua matuta, na mvua za kwanza zikija panda tena mchicha, mgagani, mnavu na karoti. Kwa mnavu chuma majani tu, uyachemshe. Matunda yake mabichi yasiliwe.

Oktoba hata Desemba mboga huwa nyingi kuliko haja ya nyumba. Wasukuma walio jirani hukausha majani ya kunde na kuyaweka akiba. Hekima hiyo yafaa kuigwa.

Usisahau mbegu. Iache mimea mitatu ya mchicha iliyo mizuri kupita yote itoe mbegu, uikaushe kivulini, ukaiweke mahali pakavu. Mbegu za chotara zinunuliwazo dukani hazifai kwa akiba, maana uzao wake haufanani na mzazi. Mboga za asili kama mgagani na mnavu zisidharauliwe. Karibu na Arusha, tangu mwaka 1992, kiko kituo cha kimataifa cha mboga, na wataalamu wake hutunza mbegu za mboga hizo za Kiafrika.

7. Kulinda bustani pasipo sumu za dukani

Kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala sumu za viwandani kina kanuni zake. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubali kanuni za pamoja, na mazao yake hupewa alama ya Kilimohai. Mtu wa bustani ya jikoni hana haja na alama, ila kanuni zamfaa.

Kanuni ya kwanza ni kubadilisha mimea. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, mnavu na viazi mviringo ni wa jamaa moja, na ugonjwa wa mmoja ni ugonjwa wa wote. Penye nyanya mwaka huu, usipande wa jamaa hiyo. Panda kunde au maharage, ambayo huuongezea udongo chakula, na baadaye mboga za majani au vitunguu.

Kanuni ya pili ni kuitembelea bustani kila siku. Viwavi huokotwa kwa mkono asubuhi. Vidukari hunyunyiziwa majivu makavu. Wadudu wakizidi, majani ya utupa hutwangwa, hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, na maji yake hunyunyizwa jioni. Lakini utupa ni sumu kali kwa samaki, na zamani wavuvi waliutumia kuwaulia. Basi mtu mzima ndiye autengeneze. Vyombo vyake visioshwe mtoni. Na mboga zisichumwe mpaka zimepita siku kadhaa, tena zioshwe vema.

8. Mwisho wa somo

Katika Injili ya Luka umo mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akamsihi augojee mwaka mmoja zaidi, apate kulima kuuzunguka na kuutia samadi. Mtunza shamba yule hakuulaumu mti. Aliutazama udongo wake kwanza. Vivyo hivyo mwenye bustani anayeona mchicha wake umekauka Julai asiilaumu mbegu wala jua. Na akumbuke lundo ambalo halikupangwa Februari, na nyasi ambazo hazikutandazwa Mei. Mwaka ujao miezi hiyo itarudi, naye atakuwa na nafasi ya kuanza.

Maswali

1. Mvua za Ngara na Biharamulo hunyesha miezi gani, na kiangazi ni miezi gani?
2. Taja sababu tatu za kutopanda bustani ya jikoni ukingoni mwa mto.
3. Kwa nini debe moja la maji lilitosha nyumba ya kwanza, na nyumba ya pili halikutosha?
4. Tuta moja likimwagiliwa lita 20 kila siku tangu Juni 1 hata Agosti 31, litatumia lita ngapi? Ni mapipa mangapi ya lita 200?
5. Mtu aliyevuna nyanya katika tuta, apande nini baada yake, na asipande nini? Eleza sababu.

Kazi ya kufanya

Wanafunzi wagawanyike makundi mawili na kutengeneza matuta mawili yaliyo sawa. Moja litiwe mboji na kutandazwa nyasi, jingine liachwe vivi hivi. Yote mawili yamwagiliwe kiasi kimoja cha maji kwa siku 30. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja atie mkono katika udongo wa kila tuta, na kuandika daftarini alivyouona.